Mstari wa Shibe

Bi Tatu alikula matonge saba, akanawa mkono, akasema ameshiba. Nilichungulia kisomeo, kifaa changu cha kusomea punje, nilichokificha chini ya mtandio wangu. Taa ilikuwa ya kijani. Punje iliyomo ubavuni mwake ilikubaliana naye kabisa, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimempandisha kwenye mizani ya zahanati ya Itamboni, na mizani ikasema kilo thelathini na tisa.

"Mama, ongeza hata tonge moja," nikamwambia.

"Nimeshiba, mwanangu. Kula wewe uliyetoka mbali."

Akasukuma paja la kuku hadi upande wangu wa sinia. Wajukuu wake wawili walilisindikiza kwa macho. Mwanawe Athumani, mtu wa miraba minne anayefanya kazi kwenye kinu cha alizeti, aliendelea kumega ugali wa uwele na kuuchovya kwenye mlenda bila kuinua kichwa. Sauda, mke wa Athumani, alikuwa ameshanawa kitambo. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Ndivyo walivyokula jana, na ndivyo walivyokula miaka mitano iliyopita, nilipolala katika nyumba hii siku saba nikiwapima. Siku zote saba, mapaja ya kuku niliyala mimi.

Punje ni jina la mitaani. Kwenye nyaraka za Mradi ina jina refu lenye tarakimu, lakini kitu chenyewe ni kidogo kama punje ya uwele, na huingizwa kwa sindano chini ya mbavu za kushoto, karibu na mshipa wa fahamu unaotoka tumboni kwenda kichwani. Inasoma sukari ya damu, na inasoma chakula kilichomo tumboni. Chakula kikifika kiasi fulani, inafunga mlango na njaa inakatika. Si kwamba unaambiwa uache kula. Hutaki tu. Ukijilazimisha unatapika, kama Bi Tatu alivyoutapika uji wa nesi siku mbili mfululizo.

Kiasi hicho ndicho tunachokiita mstari wa shibe. Hakikutoka kwenye vitabu vya madaktari, na huko nyuma tulijivunia sana jambo hilo. Nchi ilikuwa imechoka na chati za lishe zilizobandikwa ukutani huku wodi za kisukari zikifurika. Mradi ukaja na wazo jepesi: kila mwili unajua unachotaka, tatizo ni kwamba hatuusikilizi. Mabango yakaandikwa MWILI HAUDANGANYI. Itamboni ikachaguliwa kuwa mji wa kwanza wa kusikilizwa, na mpimaji aliyetumwa huko alikuwa mimi, Zamda Ntandu, binti wa miaka ishirini na sita mwenye viatu vipya.

Kazi haikuwa ngumu. Kila mtu alivaa bangili ya kuhesabu matonge, nami nikakaa nao mlo baada ya mlo. Mtu akisema ameshiba, nabonyeza kitufe. Alichokula mpaka hapo kinaandikwa kuwa ni mia kwa mia. Miaka mitatu baadaye watu wakapandikizwa punje, na kila punje ikafundishwa kufunga mlango hapo hapo.

*

Baada ya chakula nilirudi zahanati. Nesi wa pale, mama mmoja mkali anayeitwa Perpetua, ndiye aliyeandika barua iliyonileta, na alikuwa amenipangia madaftari mezani kwa miezi. Wanawake wenye punje ni mia mbili na kumi na wawili. Mia moja na arobaini kati yao walikuwa wamepoteza zaidi ya robo ya uzito wao ndani ya miaka miwili. Wanaume, hakuna. Watoto, hakuna.

"Mwaka wa kwanza tuliwapigia makofi," Perpetua akasema. "Hapo hapo kwenye benchi. Umepungua mama, hongera. Sasa nawashika mkono kuwapandisha hizo ngazi mbili. Wiki iliyopita watatu walianguka kwenye foleni ya maji. Nikiwauliza mnakula? Wanakula. Mnashiba? Wanashiba, na mashine inasema kweli wanashiba. Sasa wewe mwenye mashine yako niambie."

Nikafungua sauti za zamani, zile tulizorekodi wakati wa upimaji. Nilianza na nyumba ya Bi Tatu. Nikajisikia mwenyewe, sauti nyembamba ya mtu anayetaka kusifiwa: "Mama, umeshiba?" Kisha yeye: "Nimeshiba mwanangu, alhamdulillahi." Mlio wa kitufe. Maji ya kunawa. Watoto wakigombania ukoko.

Mwongozo uliniambia nikate hapo, na miaka mitano iliyopita nilikata hapo. Lakini kinasa sauti kilikuwa kimebaki juu ya kabati, kikaendelea. Zilipita dakika arobaini. Watu walikuwa wameshatawanyika. Kisha kifuniko cha sufuria kikainuliwa taratibu, kama mtu asiyetaka kisikike, na mtu akawa anatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Wachambuzi walikuwa wameandika pembeni ya sehemu hiyo: kelele za jikoni, zifutwe.

Nikafungua nyumba ya pili, na ya tatu. Katika nyingi zilikuwamo hizo kelele za jikoni. Mama anasema ameshiba sinia likiwa na theluthi ya ugali, anawaachia watoto na mgeni, kisha anakwenda kula kiporo au karanga akiwa amesimama jikoni, akibahatika kukikuta. Hicho cha jikoni ndicho kilichokuwa kinawashikilia. Punje ilipokuja, iliamini neno la kwenye mkeka. Ikafunga mlango kwenye tonge la saba, na jikoni hakuna aliyekwenda tena kwa sababu hakuna aliyesikia njaa.

Ningependa kusema niligundua jambo hilo siku ile. Sikuligundua. Nilikuwa nalijua tangu utotoni. Mama yangu, kule Manyoni, hajawahi kumaliza chakula mbele yetu hata siku moja, na nikiwa darasa la tatu nilimkuta jikoni anakwangua sufuria kwa mwiko, akageuka akaniambia anaosha. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu anaijua "nimeshiba" ya mama. Mwongozo wa Mradi, ulioandikwa na watu wanaokula kila mtu na sahani yake, ulisema: mpimaji asibishane na kauli ya mhusika. Nikaona hiyo ni ruhusa. Nikabonyeza.

*

Mhandisi Kiwelu nilimpigia saa kumi na moja jioni. Ndiye mkuu wa vipimo makao makuu, na si mtu mbaya. Baba yake alikatwa miguu yote miwili kwa kisukari kabla ya kufa, na nadhani kila punje iliyopandikizwa katika nchi hii anaihesabu kuwa mguu mmoja uliookolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mstari wa kina mama wa nchi nzima umejengwa juu ya vipimo vya Itamboni," akasema.

"Najua."

"Zamda, ni wanawake milioni mbili na ushee."

"Najua, Mhandisi."

Na ulijengwa juu ya Itamboni kwa sababu data ya Itamboni ilikuwa safi mno. Wanawake wote walikuwa wakishiba karibu mahali pamoja. Wachambuzi walishangilia wakasema wamepata mstari wa asili. Hawakujua kwamba hao wote walilelewa na bibi mmoja, kwa namna ya kusema, aliyewafundisha kwamba mwanamke mwenye adabu haondoki kwenye sinia likiwa tupu.

"Sikiliza," Kiwelu akasema. "Tunapandisha mstari. Asilimia thelathini kwa wanawake wote, kwa mawasiliano ya hewani. Dakika kumi, kazi imekwisha. Hakuna haja ya kutangaza. Ukitangaza leo kwamba punje ilikosewa, kesho watu wanaing'oa, wenye sukari na wasio na sukari. Wodi zinajaa tena. Nitawaambia nini?"

"Thelathini umeipata wapi?"

"Ni makadirio ya busara. Nahitaji saini yako. Kesho saa kumi jioni nataka niitume."

Sheria hiyo tuliitunga wenyewe, na ilikuwa sheria nzuri: kipimo cha msingi hakibadilishwi bila saini ya aliyekipima. Saini yangu ikipatikana, jambo linakwisha kimya kimya. Isipopatikana, linakwenda kwenye uchunguzi wa wazi, na mtu wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi. Sitadanganya kwamba hilo la pili halikunipitia kichwani. Lilinipitia kabla ya la wanawake milioni mbili.

Nikamwomba kibali kimoja, nifungue punje moja tu, ya mtu mmoja, kwa ridhaa yake, nione mstari wa kweli uko wapi. Alinipa.

*

Asubuhi na mapema nilimkuta Bi Tatu nyuma ya nyumba akipeta uwele. Ungo ulimzidi nguvu. Alipeta mara tatu, akapumzika, akapeta tena. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi chini karibu naye na kumweleza yote bila kuzunguka. Sauti ya kinasa, kifuniko cha sufuria, tonge la saba. Nilitegemea ataona aibu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe mlinisikia!"

"Tulikusikia, mama. Nami nilijua hata kabla ya kukusikia. Nilikuuliza umeshiba, nikaandika jibu nililojua si la kweli."

"Na mimi nilijua kwamba unajua," akasema. "Ungefanya nini, unibishie mbele ya wanangu? Tulikuwa na adabu, mimi na wewe."

Nikamweleza kwamba naweza kuufungua mlango. Njaa itarudi, ataweza kula, na uzito utarudi. Nilidhani hiyo ni habari njema. Akaweka ungo chini.

"Zamda. Unajua mimi nimekaa na njaa miaka mingapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Tangu nilipomzaa Athumani. Miaka thelathini na minne. Si njaa ya kufa, la. Ile ya jioni. Unafunga kanga kiunoni unaikaza, unalala kwa ubavu. Unasikia harufu ya mboga uliyoipika mwenyewe na unasema nimeshiba, na mate yamejaa kinywani. Kila siku. Halafu hiyo punje yenu ikaja. Siku ya kwanza nimekaa kwenye mkeka nikasema nimeshiba, na mwanangu, ilikuwa kweli! Nilikaa kimya nikisikiliza tumbo langu, halisemi kitu. Nililala chali. Miaka miwili nimepumzika. Na wewe leo umekuja kunirudishia."

Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Usiku kucha nilikuwa nimejiona mtu aliyemwibia chakula na sasa anakuja kumrudishia. Haikunijia hata mara moja kwamba kile kilichokuwa kinamuua ndicho kitu cha kwanza kilichompa raha.

"Nesi Perpetua anasema ukiendelea hivi hutafika mavuno," nikamwambia. Nilimwambia hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyoambiwa.

"Perpetua hana dogo." Akachukua uwele kidogo kiganjani, akaupuliza makapi. "Kwa hiyo nife nimeshiba, au niishi na njaa."

"Uishi na ule, mama. Njaa ni ya kukuambia ule."

"Hayo ni ya kitabuni. Kwenye sinia langu njaa haijawahi kuniambia nile. Huwa inaniambia ninyamaze."

Alipeta mara nyingine mbili. Nikatamani kumpokea ungo, lakini si adabu kumpokea mtu kazi yake katikati ya mazungumzo kama yale, ingeonekana namharakisha. Mwishowe akanyanyua kanga akanionyesha ubavu, pale penye kovu dogo la sindano.

"Fungua. Lakini mchana uje ule na sisi. Sitaki niwe kituko peke yangu."

*

Nilifungua saa nne. Perpetua alileta uji mwepesi, akasisitiza kwamba mwili uliokonda hivyo usipewe chakula kwa pupa, tonge dogo na kutulia, kisha tena. Uji ulikaa, hakutapika. Saa sita Bi Tatu alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwa amekaza kanga kiunoni, midomo imekauka, na Sauda alipopita na sinia alilitazama kwa namna ambayo ilinifanya nigeuze uso.

Tukakaa wote kwenye mkeka. Athumani alikuwa amerudi kutoka kinuni kula, na hakuwa ameambiwa kitu. Ugali wa uwele, mlenda, na samaki wa kukaushwa aliyeungwa kwa karanga. Bismillahi, tukaanza. Nilikula kidogo sana, macho kwenye kisomeo.

Tonge la saba. Hapo ndipo mstari wa zamani ulipokuwa. Bi Tatu alisita, mkono ukarudi magotini wenyewe kwa mazoea. Akanitazama. Akaupeleka tena kwenye sinia.

La nane. La tisa. Hapo pangekuwa mstari wa Kiwelu, asilimia thelathini ya busara. Sauda alikuwa ameacha kula na anamtazama mkwewe. Wajukuu nao. La kumi alilimega kwa haraka kiasi kwamba mlenda ulimdondokea kifuani.

"Mama, leo una nini?" Athumani akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa kicheko, kama mtu aliyemwona mama yake anaruka kamba.

Bi Tatu akafuta kifua kwa ukingo wa kanga.

"Nina njaa," akasema.

Nadhani neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa na mtu mzima wa kike katika nyumba ile. Athumani aliendelea kutabasamu kwa muda, akisubiri mzaha uishe, kisha akaona hauishi. Nikasema mimi, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kusema. Nilimweleza punje ilivyokosewa, na kwa nini, na asilimia ambayo makao makuu wanataka kuiongeza. Alisikiliza akiwa ameshika tonge. Alipoelewa, alilirudisha kwenye sinia, akatazama upande wa sinia uliokuwa mbele yake, ambao ulikuwa umechimbwa mpaka chini, akainuka kwenda kunawa.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Sikusema uache kula. Nimesema nina njaa."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoota meno." Akacheka peke yake. "Kaa bwana, ule. Unadhani nilikuwa nashinda na njaa ili uje uninunie?"

Athumani akakaa, lakini kula alishindwa. Akanigeukia mimi. Macho yalikuwa mekundu. "Dada, na wewe ulikuwepo hapa. Wiki nzima. Ulikula."

"Nilikula."

"Ukaandika kwamba ameshiba."

"Niliandika."

Alitaka kusema zaidi, na ningemwacha aseme, lakini Bi Tatu alimshika goti na yeye akainamisha kichwa. Sauda alikuwa ameshainuka kwenda kusonga ugali mwingine. Nikamfuata jikoni, ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia pale kwenye mkeka.

Sauda alikuwa anakoroga kwa nguvu, mgongo kwangu. "Wifi," akasema, "nikuulize. Hiyo asilimia yenu mnayotaka kuongeza, inaongezwa kwa wote?"

"Kwa wanawake wote."

"Hata mimi?"

Sauda alikuwa na sukari tangu mimba ya pili. Jambo hilo lilikuwamo kwenye daftari la Perpetua. Uzito wake haukuwa umepungua hata kilo. Nilikuwa nimeliona hilo jana nikalipita.

"Mimi nikisema nimeshiba, huwa nimeshiba kweli," akasema kwa sauti ya chini, akichungulia mlangoni asisikike. "Mpishi halali njaa. Naonja mboga, nakula ukoko, kuku akichinjwa firigisi haifiki kwenye sinia, Athumani anadhani kuku wa siku hizi hawana. Nikija kukaa pale nakula mawili matatu ya heshima. Uliponipima, bangili ilikuwa imeshahesabu na ya jikoni, kwa hiyo uliniandika sawasawa." Akaepua sufuria. "Sasa ukiniongezea njaa ambayo si yangu, sukari yangu itakwenda wapi?"

Nilikaa kwenye gunia la mkaa. Katika nyumba moja, kwenye sinia moja, wanawake wawili walisema neno moja. Mmoja alisema uongo na mwingine kweli, nami niliwaandika tarakimu zinazokaribiana. Hakuna asilimia ambayo ingewatosha wote wawili. Asilimia ya Kiwelu ingemwacha Bi Tatu aendelee kufa polepole zaidi, na ingemwongezea Sauda kisukari. Na wale milioni mbili, nani kati yao ni Tatu, nani ni Sauda? Hilo halikuwamo kwenye mtambo wowote. Lilikuwa kwao wenyewe, na njia pekee ya kulijua ilikuwa kuwaambia ukweli na kuwauliza upya, mmoja mmoja, mahali ambapo mtu anaweza kujibu.

"Tukitangaza," nikamuuliza Sauda, "wewe punje yako utaing'oa?"

Alifikiri. "Nikitangaziwa redioni, nitang'oa siku hiyo hiyo. Na wengine watang'oa. Usijidanganye." Akageuza ugali kwenye sahani. "Ukija kuniambia kama ulivyoniambia hapa, nitangoja nipimwe. Lakini wewe ni mmoja."

Tulirudi na ugali wa pili. Bi Tatu alikula tonge moja, akatulia kama Perpetua alivyosema, akala jingine. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe, ila safari hii sikumuuliza kitu. Hakuna aliyemuuliza. Baada ya tonge la kumi na mbili aliweka mkono tumboni, akakaa hivyo, uso umekunjamana kana kwamba anasikiliza mtu anayeongea chumba cha pili.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Hii nzito. Ile nyingine ilikuwa kimya tu." Kisha akanawa, akalala pale pale kwenye mkeka, na Athumani akamfunika kanga miguuni.

Nikabonyeza.

*

Saa kumi kasoro Kiwelu alipiga. Nilikuwa kwenye benchi la zahanati na tamko langu limeshaandikwa, kurasa mbili. Nilimsomea matokeo: saba, tisa, kumi na mbili. Nikamsomea ya Sauda. Nikamwambia sitatia saini, na kwamba tamko linakwenda kwenye kamati ya uchunguzi wa wazi pamoja na sauti zote za jikoni, na kwamba nimeandika humo kuwa mpimaji alijua.

"Umeandika kwamba ulijua?"

"Nilijua, Mhandisi."

"Watakufunga, Zamda."

"Inawezekana."

"Na watu wataing'oa. Umesikia Sauda wako alivyosema. Watakaong'oa, wengine watakufa kwa sukari. Kwa tangazo lako. Hilo nalo umeliandika?"

"Nimeliandika." Na nilikuwa nimeliandika, aya nzima, pamoja na ombi kwamba wapimaji watumwe nyumba kwa nyumba kabla redio haijasema lolote, ingawa nilijua redio ina miguu mirefu kuliko wapimaji. Nilikuwa nimewahesabu watakaokufa kwa kunyamaza, na sikuweza kuwahesabu watakaokufa kwa kusema. Nilichoweza kusema ni kwamba hawa wa pili wangekuwa wameambiwa.

"Sina haki ya kuwachagulia mara ya pili," nikamwambia.

"Thelathini ni bora kuliko sifuri," akasema. Sauti ilikuwa imechoka. "Mambo ya kuulizana nyumba kwa nyumba ni ndoto. Nusu yao watakujibu yale yale. Wameshiba, wameshiba."

Hapo alisema kweli. Perpetua alikuwa anampandisha mtu ngazi. Niliwatazama mpaka walipofika juu. Kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mhandisi, mama yako bado yuko kijijini, Machame?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Ana punje?"

"Nilimwekea mwenyewe. Ni kati ya wa kwanza kabisa." Kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Hana tatizo lolote. Amepungua kidogo, lakini ni uzee. Halafu mama hajawahi kuwa mlaji. Tangu tukiwa wadogo, tuko saba mezani, yeye anakula vijiko viwili basi, ameridhika. Ndivyo mwili wake ulivyo."

"Nani alikwambia kwamba ndivyo mwili wake ulivyo?"

Nilimsikia akivuta pumzi ili anijibu. Nilingoja, simu sikioni, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani imekatika.

"Yeye mwenyewe," akasema, na baada ya hapo hakuitaja tena habari ya saini.